Kura ya kusini haipotei, tuelewane hapo

Tangu tuanze kampeni ya elimu ya mpiga kura huku Lindi na Mtwara, kila kijiwe swali ni lilelile: mgombea wangu kashindwa, kura yangu si imepotea? Jamani, haijapotea. Kura za ubunge za kila chama zinajumlishwa nchi nzima, chama kikifikisha asilimia 5 ya kura halali kinapata wabunge wanawake wa viti maalum kwa uwiano wa kura zake, kwa hiyo kura ya Newala ya mgombea aliyeangushwa inaweza kumpeleka mama wa chama hichohicho bungeni Dodoma.

Halafu kuna hawa wa "kusini ni ya chama fulani tangu zamani". Zamani ipi? Vyama vingi vimerudi 1992. 2010 Lindi Mjini ilienda CUF kwa Salum Barwany, 2015 ikarudi CCM, na mwaka huohuo CUF ikachukua Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mtwara Mjini na Tandahimba. Wengine wanasema ni hasira za 2013 za gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, hapo siingii, ofisi haina upande. 2020 Tanzania Bara nzima upinzani ulishinda majimbo mawili tu, Nkasi Kaskazini kwa Chadema na Mtwara Vijijini kwa CUF, sasa mtu wa Mtwara akikwambia huku upinzani ulifutika wote muulize anaishi wapi.

La kuhama chama ndo linatuchosha zaidi. Mbunge akihama habebi kiti, narudia, habebi. Katiba ibara ya 71 inasema akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini basi ubunge umekwisha, Spika anaiandikia Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kipo wazi, Tume inatangaza tarehe ya uteuzi, kampeni na siku ya kura, na yeye akitaka kurudi anachukua fomu upya kama wengine. Liwale mliona 2018, mbunge wa CUF kahamia CCM, wananchi wakapanga foleni tena. Kwa hiyo msije ofisini kudai "mmempa kiti chama kingine", hatugawi viti sisi. Na kama imebaki miezi 12 au pungufu kabla ya Bunge kumaliza muda wake uchaguzi mdogo haufanyiki, jimbo linasubiri uchaguzi mkuu.