Mionzi baharini: yanayosemwa na yaliyopimwa

Machi 2011, siku chache baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, watu nchini China walivamia maduka wakanunua chumvi mpaka rafu zikabaki tupu. Agosti 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyochujwa ya mtambo huohuo, chumvi ikagombewa tena. Kuna waliodhani chumvi yenye madini joto ni kinga ya mionzi, na kuna waliohofu kwamba chumvi itakayovunwa baadaye itakuwa na sumu. Imani mbili zisizofanana, pakiti ileile ya chumvi.

Siwacheki. Hofu yao ilikuwa na msingi, ila iligonga mlango usio wake. Na wale wanaotutuliza kwa kusema bahari ni kubwa nao hugonga mlango usio wake, ingawa wao huvaa tai.

“Chumvi yenye madini joto inakinga mionzi.”

Piga hesabu. Kidonge cha madini joto anachopewa mtu mzima wakati wa ajali ya nyuklia kina takribani miligramu 100 za madini hayo. Kilo nzima ya chumvi huwa na miligramu 20 hadi 40 hivi. Ili upate dozi ya kidonge kimoja itabidi ule zaidi ya kilo mbili za chumvi kwa mkupuo, na chumvi hiyo itakumaliza kabla mionzi haijakufikia. Tena kidonge chenyewe hulinda tezi ya shingo tu, dhidi ya iodini-131, yaani madini joto yenye mionzi, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya siku 8. Kwa siziamu, metali yenye mionzi itokayo kwenye mitambo ya nyuklia, ambayo ndiyo hukaa baharini miaka na miaka, hakisaidii chochote.

“Bahari safi haina mionzi hata chembe.”

Lita moja ya maji ya bahari ina bekereli kama 12 za potasiamu ya asili: kila sekunde, atomu 12 hivi za potasiamu huvunjika na kutoa mionzi humo. Ndivyo ilivyokuwa kabla binadamu hajajua nyuklia ni nini. Samaki, na hasa kome, wana pia poloniamu-210, kitu kingine cha asili chenye mionzi. Waliopima pwani ya Ireland wamekuta kwamba hata mlaji mkubwa wa samaki hupata mionzi mingi zaidi, kwa mbali, kutokana na poloniamu hiyo kuliko ile inayotoka leo katika mitambo ya Uingereza iliyo ng’ambo ya bahari.

Kwa hiyo mtu akikwambia “kifaa kimeonyesha mionzi baharini,” hajakwambia kitu bado. Muulize ni ya nini na ni kiasi gani. Ila usikubali mtu mwingine akufunge mdomo kwa poloniamu ya asili. Mvua kuingia ndani kwa tundu la paa hakumpi jirani ruhusa ya kukumwagia ndoo.

“Bahari ni kubwa, itaimeza.”

Hii ndiyo iliyoleta hasara, kwa sababu waliiamini wataalamu wenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtambo wa nyuklia wa Windscale, kwenye pwani ya Uingereza, ambao mwaka 1981 ulibadilishwa jina ukawa Sellafield, ulikuwa ukitoa maji yenye mionzi kwa bomba hadi kwenye Bahari ya Ireland. Katikati ya miaka ya 1970 siziamu-137 peke yake ilifikia zaidi ya terabekereli 5,000 kwa mwaka (terabekereli moja ni bekereli trilioni moja). Hesabu ilikuwa kwamba siziamu itayeyuka na kwenda zake, na plutoniamu, metali nzito yenye mionzi, itanasa kwenye tope la chini ibaki hukohuko.

Plutoniamu ilinasa kweli. Lakini tope halikai. Chukua konzi ya mchanga na konzi ya tope uzisugue kwa vidole: mchanga una punje unazozihisi mojamoja, tope ni laini kama unga. Ulaini huo ndio mtego, maana punje ndogo nyingi zina sehemu kubwa ya kushikiwa. Kisha maji kujaa na kupwa huliinua tope hilo na kulipeleka kwenye midomo ya mito na vinamasi vya maji chumvi, kama pale Ravenglass, kusini kidogo mwa mtambo. Kilichopelekwa baharini kikarudi ufuoni kwa miguu yake. Siziamu nayo, ile sehemu iliyoshikwa na tope enzi zile, sasa huachiliwa kidogokidogo irudi majini. Bomba limepunguza sana, lakini sakafu ya bahari imekuwa bomba jingine.

Na kuna mwani. Karibu na Windscale watu walikuwa wakivuna mwani mwekundu unaopelekwa kusini mwa Wales, mamia ya kilomita kutoka hapo, kuchemshwa hadi uwe rojo na kuliwa. Mwani huo unajua kukusanya rutheniamu-106, metali nyingine yenye mionzi iliyotoka kwenye lile bomba. Basi miaka ya 1960, wapimaji walipotafuta ni nani anayeguswa zaidi na maji ya lile bomba, jibu halikuwa mvuvi wa kijiji cha jirani. Lilikuwa mlaji wa mwani kule Wales, ambaye pengine hajawahi kuuona mtambo. Ukitaka kujua mionzi imekwenda wapi, usichore duara kwenye ramani. Fuata kile kinachovunwa mpaka kwenye sahani.

Bahari nazo hazifanani. Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya inayozungukwa na nchi tisa, ni kama chungu chenye shingo nyembamba: maji yake huchukua miongo kubadilishana na ya nje. Moshi wa ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipoishukia mwaka 1986, siziamu ilikwama humo. Halafu maji yake yana chumvi kidogo, maana yake potasiamu kidogo, na samaki asiyepata potasiamu ya kutosha hubeba siziamu badala yake, kwani mwili wake hauzitofautishi vizuri. Kiasi kilekile cha siziamu, katika bahari mbili, hutoa samaki wawili tofauti.

“Samaki akipikwa sawasawa, mionzi inakufa.”

Bakteria hufa, mionzi haifi. Moto wa jikoni haugusi kiini cha atomu. Ukimchemsha, sehemu ya siziamu hutoka kwenye nyama ikaingia kwenye mchuzi, basi.

“Kutupa taka za nyuklia baharini kulishapigwa marufuku.”

Nusu kweli. Kati ya 1946 na 1993 nchi zaidi ya kumi zilitosa mapipa ya taka kutoka melini. Hata Uswisi, isiyo na pwani, ilipeleka yake Atlantiki. Mwaka 1993 nchi wanachama wa Mkataba wa London, unaohusu utupaji wa taka baharini, zilikubaliana kukomesha kabisa, na katazo likaanza kazi Februari 1994.

Lakini mkataba huo unahusu kutupa kutoka melini. Bomba linaloanzia nchi kavu haligusi. Hilo huendeshwa kwa kibali cha nchi yenyewe. Kibali kikivunjwa? Novemba 1983 uchafu mkali kuliko kawaida ulitoka Sellafield, na watu wakashauriwa wasitumie takribani kilomita 40 za ufuo bila sababu ya lazima. Mwaka 1985 waendeshaji wakatozwa faini ya paundi 10,000. Hakuna sifuri niliyoisahau.

Maji ya Fukushima nayo yaliingia baharini kwa mlango huo wa kibali. Kilichobaki kingi ndani yake ni tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ambayo ni sehemu ya maji yenyewe na ndiyo maana kichujio hakiwezi kuitoa. Ukomo wake ni terabekereli 22 kwa mwaka. Kiwanda cha La Hague, Ufaransa, kinachochakata fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika, hutoa karibu 10,000. Ni ulinganisho wa haki, kwa sharti kwamba ni tritiamu kwa tritiamu. Anayejumlisha bekereli za tritiamu na za plutoniamu kwenye kapu moja anajumlisha mbu na mamba kwa sababu wote huuma.

“Nchi isiyo na mtambo haina la kusema.”

Ireland haina hata mtambo mmoja wa umeme wa nyuklia. Novemba 2001 ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, kupinga kiwanda kipya cha fueli ya nyuklia pale Sellafield. Mahakama haikukizuia kiwanda, lakini mwezi uliofuata iliziamuru Ireland na Uingereza zipeane habari na zishauriane. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kiwanda kitafungwa. Wateja wake wa wakati huo walikuwa mitambo ya Japani, na ajali ya Fukushima ilikuwa imetokea mwaka huohuo.

Norway ilipata zaidi. Kuanzia 1994 Sellafield iliongeza sana teknishiamu-99, metali nyingine yenye mionzi, baharini ilipoanza kusafisha taka zake za zamani. Kambakoche na mwani wakaikusanya, na mkondo ukaipeleka kaskazini hadi pwani ya Norway. Viwango huko vilikuwa vidogo, na Wanorway walijua. Walilalamika hivyohivyo, mwaka baada ya mwaka, wavuvi na mawaziri wao. Mwaka 2004 ikaanza kutumika kemikali inayoigandisha teknishiamu ili ibaki kwenye taka ngumu nchi kavu, na kilichoingia baharini kikashuka ghafla. Ile iliyokwisha kuondoka iliendelea na safari ya kuelekea Aktiki. Nusu yake itakuwa imepotea baada ya miaka 211,000.