Nani "anabebwa" katika uzamili wa uhandisi?

Kwa mtu anayewashauri waombaji wa uzamili na uzamivu wa uhandisi hapa Mtwara, hakuna kauli inayochosha kama ile ya kwamba wanawake, watu wenye ulemavu na vijana waliosoma shule za vijijini "wanabebwa", na kwamba kila nafasi wanayotengewa inashusha hadhi ya shahada. Husemwa na wazazi na waajiri, na hata na wahandisi waliokwisha kusajiliwa, ambao ndio hasa wangepaswa kujua shahada hiyo hupatikanaje.

Kinachotengwa ni nafasi ya kuingia, au ufadhili, au muda; alama hazitengwi. Tasnifu husomwa na mtahini wa nje, ambaye hana habari kama ada ya mwandishi ililipwa na mfuko wa wanawake au na baba yake mzazi, na anachokagua ni kama vipimo vikirudiwa vitatoa majibu yaleyale. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo haina daftari la pili la waliobebwa.

Wanaolilia ubora wangetazama kwingine. Kwa miongo mingi usalama wa magari ulipimwa kwa sanamu zenye umbo la mwanamume, na utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, katika ajali za kugonga kwa mbele, uwezekano wa mwanamke aliyefunga mkanda kuumia vibaya ulizidi ule wa mwanamume kwa asilimia 73. Mwaka 2020, watafiti wa nchi hiyohiyo walionyesha kuwa kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kilishindwa kubaini upungufu wake kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Waliobuni vifaa hivyo hawakukosa shahada. Walikosa mwenzao wa kuuliza mapema kifaa kitamfaaje mtu asiyefanana nao.

Eti mwanamke haiwezi kazi ya saiti? Kwenye saiti moja ya huku kwetu nilimwona mwanafunzi akibaki getini kwa sababu buti ndogo kuliko zote stoo zilikuwa namba 41. Hilo ni kosa la manunuzi, na lisisingiziwe maumbile.

Kuhusu mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu sina maneno mengi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na maabara inaweza kuhamishiwa ghorofa ya chini.

Dhana ya mwisho ni kwamba akishadahiliwa, mengine atajijua. Mwenye mjomba mhandisi ndiye hujijua, kwa kuwa taratibu zisizoandikwa alizisikia nyumbani. Mwenzake huzigundua akiwa amekwishachelewa. Ndiyo maana ninashauri, hata nisipoulizwa, kwamba kabla ya kulipa ada mwombaji adai karatasi iliyosainiwa na msimamizi, inayoeleza watakutana mara ngapi kwa mwezi, nani anashika funguo za maabara jioni, nani analipa nauli ya kufuata sampuli Kilwa au Newala, na likizo ya uzazi itahesabiwaje katika muda wa masomo. Msimamizi akikataa kusaini, atafutwe mwingine.