Delamere na ardhi iliyoitwa tupu

Wengi wanaotufikia kuuliza habari za mashamba ya Bonde la Ufa huanza na jina moja: Delamere. Hugh Cholmondeley, Baroni Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alifika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 akiwa mwindaji, na msafara wa ngamia uliotokea Somalia. Miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99.

Ardhi hiyo iliitwa tupu. Naomba neno hili tulitazame vizuri, maana hadi leo linarudiwa. Katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilifagia ng'ombe wa Wamaasai, kisha ndui ikawageukia wenyewe. Na Njoro walikuwa wakiikwepa kwa kujua: nyasi zake zinapendeza macho, lakini mifugo hainawiri. Delamere akaleta kondoo wa merino. Wakakonda wakiwa katikati ya malisho, wakafa wengi. Udongo ule ulipungukiwa madini. Jibu lilikuwepo kwa wachungaji wa pale pale, tena bila malipo.

Hakukata tamaa. Aligeukia ngano, ilipopigwa na ugonjwa wa kutu, akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazoistahimili. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka iitwayo Unga. Bidii hiyo ni ya kweli, nami siipunguzi.

Lakini bidii peke yake haimpi mtu nchi. Mwaka 1905 aliongoza kamati ya ardhi, na kuanzia 1907 akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria akidai nyanda za juu zibaki za Wazungu. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, huku wengi wakipelekwa Laikipia, ukiahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walitakiwa kuondoka na huko pia. Walikwenda mahakamani, mwaka 1913 kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba ule ulikuwa mkataba baina ya mataifa, usioamuliwa na mahakama. Miaka miwili baadaye sheria ikawaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999.

Delamere alifariki mwaka 1931, akazikwa Soysambu, shamba lake la pili, kando ya Ziwa Elmenteita. Karibu na ziwa hilo kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali. Walowezi walikiita Pua ya Delamere. Wamaasai hukiita Morani Aliyelala, yaani shujaa wao kijana aliyelala.