Kodak haikuua mjini: dhana potofu kuhusu katikati ya Rochester

Mtu wa Dar es Salaam akisema anakwenda mjini, hahitaji kufafanua: ni Posta au Kariakoo, huko watu wanakobanana. Wa Nairobi anasema "tao" na ameshaeleweka. Ndugu zetu wanaohamia Rochester, jimbo la New York, hufika na picha hiyohiyo kichwani. Tena wengine, kwa kusikia "New York", hutegemea Manhattan, kumbe Manhattan iko mwendo wa saa tano mpaka sita kwa gari. Jumapili ya kwanza wanateremka kwenye basi barabara ya Main, wanakuta maghorofa marefu, taa za barabarani zinabadilika rangi, na hakuna mtu wa kuvuka.

Hapo maelezo yanaanza. Kila kijiwe kina lake, na mengi ninayoyasikia hayaendani na kilichotokea.

"Kodak ilipoanguka, jiji likafa"

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ina utamu wake, maana Kodak kila mtu anaijua. Hata miji yetu midogo ilikuwa na studio ya picha yenye bango lake la njano. George Eastman alianzisha kampuni hapahapa Rochester, filamu ikatajirisha watu, kamera za kidijitali zikaja, na mwaka 2012 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Hadithi imekamilika, watu wanaagana.

Ila tarehe zinaikataa. Kodak ilifikia kilele cha ajira Rochester mwaka 1982, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000. Sasa tazama sensa. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 332,488, idadi ambayo halijaiona tena. Mwaka 1960 walikuwa 318,611. Mwaka 1970 wakawa 296,233. Mwaka 1980 wakabaki 241,741. Watu zaidi ya 90,000 walikuwa wameshapungua jijini wakati Kodak bado inaajiri kwa nguvu zote.

Walikwenda wapi? Si mbali. Kaunti ya Monroe, ambayo Rochester imo ndani yake, ilikuwa na watu 487,632 mwaka 1950. Mwaka 2020 ilikuwa na 759,443, na kati yao waliohesabiwa ndani ya jiji walikuwa 211,328 tu. Piga hesabu: nje ya mpaka wa jiji, wakazi 155,000 hivi wamekuwa zaidi ya 548,000. Watu hawakuukimbia mkoa huu. Walihamia pembezoni mwake.

Na walihama kwa kusaidiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba, na udhamini huo ulipendelea nyumba mpya za vitongojini. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, wakala wa serikali alichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa mikongwe, hasa walikoishi Weusi na wahamiaji, kuwaonya wakopeshaji kwamba huko kuna hatari. Rochester nayo ilichorwa. Halafu kuna jambo ambalo sisi hulisahau kwa sababu kwetu mambo hayaendi hivi: vitongoji kama Brighton, Henrietta na Greece (ndiyo, kuna kitongoji kinaitwa Greece) si kata za jiji. Ni mamlaka zinazojitegemea, zenye kodi zao, na huko nje shule ni za wilaya nyingine. Aliyevuka mpaka alihama na kodi yake. Greece yenyewe ilikua ubavuni mwa viwanda vya Kodak, kwa hiyo kampuni inayolaumiwa kwa kuanguka ilikuwa imechangia kuhamisha watu enzi za neema yake.

"Ni ghasia za 1964"

Julai 1964 kulitokea siku tatu za ghasia, na gavana akaleta askari wa Walinzi wa Taifa. Chanzo chake kilikuwa cha muda mrefu: nyumba mbovu, polisi, na ajira ambazo Weusi walifungiwa. Kuhama kulianza zaidi ya miaka kumi kabla. Ni kweli kulishika kasi baadaye, miaka ya 1970 hasa, kwa hiyo sisemi ghasia hazikuwa na mchango. Ninachokataa ni kuzifanya chanzo, maana anayesema hivyo mara nyingi anatafuta wa kumbebesha lawama kwa rangi yake.

"Wamarekani hawa ni watu wa magari tangu kuumbwa"

Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, ulipita katikati ya Rochester. Mfereji ulipohamishiwa kusini mwa jiji, mtaro wake uliobaki mkavu ukatandikwa reli, na mwaka 1927 treni ya chini ikaanza kubeba abiria. Tramu zilikuwapo mitaani mpaka mwaka 1941. Treni ya chini ilisitisha abiria mwaka 1956, na upande wa mashariki njia yake ikageuzwa kuwa barabara kuu ya I-490. Yaani walikuwa na mwendokasi wao, wakaufunga wenyewe ili kupisha lami. Handaki lingali chini ya barabara ya Broad, kuta zake zimejaa michoro ya rangi za kupuliza.

"Wangeongeza maegesho, wateja wangerudi"

Walishajaribu, tena kwa kishindo. Mwaka 1962 lilifunguliwa Midtown Plaza, jengo la maduka lililofunikwa paa, la kwanza la aina yake kujengwa katikati ya jiji Marekani. Mchoraji wake alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, yuleyule aliyevifundisha vitongoji vya Marekani kujenga maduka ya namna hiyo. Chini waliweka maegesho ya magari karibu 2,000. Juu kulikuwa na saa kubwa ya mataifa, na wakati wa Krismasi kitreni kinachoning'inia kwenye reli moja kilizungusha watoto. Wazee wa Rochester wakikueleza kitreni hicho, macho yanang'aa.

Ni kweli mwanzoni lilijaa. Lakini ukimfundisha mtu kwamba kununua shati ni kuendesha gari, kuegesha, na kutembea chini ya paa, atauliza kwa nini asiende kule ambako kuegesha ni bure na ni dakika tano kutoka nyumbani. Maduka makubwa ya vitongoji yalifunguliwa moja baada ya jingine. Duka kuu la Sibley's, lililokuwa ng'ambo ya barabara, lilifungwa mwaka 1990. Midtown yenyewe ilifungwa mwaka 2008, ikabomolewa. Maegesho ya chini yalibaki, lakini duka lenyewe likawa historia.

"Ukifukia barabara kuu, jiji litakwama"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Rochester ilipofanya jambo ambalo miji mingine inakuja kulitazama.

Kati ya miaka ya 1950 na 1965 jiji lilizungushiwa barabara ya kasi iitwayo Inner Loop, sehemu kubwa ikiwa imechimbwa chini ya usawa wa mitaa. Nia ilikuwa kumfikisha mtu wa kitongojini ofisini haraka. Nyumba na maduka yaliyokuwa kwenye njia yalivunjwa, na katikati ya jiji pakawa kama ngome iliyozungukwa na handaki: kuingia kwa miguu lazima utafute daraja. Ukihesabu barabara za pembeni, mahali pengine mtu alivuka njia 12 za magari ili kwenda upande wa pili kununua mkate.

Jiji lilipotangaza kufukia kipande cha mashariki, waliosema foleni itafika mbinguni hawakuwa wachache. Lakini kipande kile kilipitisha magari 7,000 hivi kwa siku, kiasi ambacho mtaa wa kawaida wa njia mbili unakimudu bila jasho. Kilijengwa kwa ajili ya jiji lililotarajiwa kukua, jiji likapungua. Kazi ilianza mwaka 2014, ikaisha mwaka 2017, kwa gharama ya dola milioni 22 hivi, nyingi zikiwa za serikali kuu. Palipokuwa na shimo sasa kuna mtaa wa kawaida, Union, wenye miti, njia ya baiskeli na taa za kuvukia. Foleni iliyotabiriwa haikuja.

Dhana inayofuata huja papo hapo: "Basi, wamejengewa matajiri." Hii nusu ni ya kweli, nusu siyo. Ardhi iliyopatikana ilijengwa nyumba zaidi ya 500 za kupanga, na zaidi ya nusu zina kodi iliyo chini ya bei ya soko. Wakati huohuo sehemu nzuri ilikwenda kwa upanuzi wa jumba la makumbusho la michezo ya watoto, pamoja na hoteli na jengo la maegesho. Maegesho tena! Mimi ningeuliza swali jingine: kwa nini mashariki ndiko kulikoanza? Kipande cha kaskazini ndicho kinachotenganisha katikati ya jiji na Marketview Heights, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na hicho kilisubiri mpaka mwaka 2022 ndipo jimbo likatenga dola milioni 100 za kukiondoa.

"Marekani kila mtu ana gari"

Katika jiji hili karibu kaya moja kati ya kila nne haina gari. Nauli ya basi ni dola moja, na ukipanda mara nyingi kwa siku, hulipi zaidi ya dola tatu. Tangu mwaka 2014 kuna kituo kikuu cha mabasi chenye paa na joto katika mtaa wa Mortimer, na ukitaka kuona katikati ya jiji ikiwa na watu, nenda hapo alfajiri siku ya kazi. Utakuta wafagizi, wauguzi wasaidizi, wanafunzi wa sekondari, na mara mojamoja utasikia Kiswahili cha Kongo au cha Burundi, kitenge kikichungulia chini ya koti zito.

Theluji, ambayo huanguka mita mbili na nusu hivi kwa mwaka, nayo ina dhana yake: kwamba anayetembea kwa miguu amesahauliwa. Miji mingi ya Marekani humwachia mwenye nyumba afyeke theluji mbele ya mlango wake. Rochester, theluji ikizidi kiasi fulani, hupitisha mashine ndogo kwenye njia za waenda kwa miguu, na wenye nyumba hulipia kwenye bili ya kodi ya jengo. Si kamilifu. Kwenye vituo vya basi bado utaruka kichuguu cha barafu kilichosukumwa na mashine ya barabarani.

Ukishavuka Inner Loop kaskazini, endelea na barabara ya Union mpaka soko la umma, lililopo hapo tangu mwaka 1905. Mchicha, samaki wazima na pilipili kali vyote utavipata, na watu wanasukumana kama Kariakoo. Ila ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tu. Ukienda Jumatano utarudi ukisimulia kwamba hata soko limekufa.