Mipangilio ya kusomwa tu kwenye hifadhidata: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaolinda hifadhidata hapa Lubumbashi hawakusomea kazi hiyo. Mtu alianza kwa kutengeneza kompyuta au kuvuta nyaya za mtandao, halafu siku moja bosi wa depo akamwambia: na hii ya stoku uiangalie pia. Basi anajifunza kwa kuulizana kwenye WhatsApp na kwa masomo ya Kifaransa yaliyoandikwa zamani, na humo ndimo zinamozunguka dhana hizi kuhusu mipangilio ya kusomwa tu, yaani ile unayoweza kuiona thamani yake bila kuweza kuibadilisha. Nitatumia zaidi PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, maana ndiyo ninayoshinda nayo.

Dhana: Mpangilio usioweza kubadilishwa hauna kazi, umewekwa kujaza orodha tu.

Amri ya SHOW inaonyesha thamani ya mpangilio, na SET inaibadilisha. Ukiandika SHOW block_size; (ukubwa wa ukurasa mmoja wa data, kwa baiti) utajibiwa 8192. Ukijaribu SET block_size = 16384; seva itakataa na kukuambia kigezo hicho hakibadilishwi. Wengi huishia hapo, wakidhani wamenyimwa ruhusa. Hawakunyimwa kitu. Hata mkuu wa seva mwenye mamlaka yote atajibiwa hivyo hivyo, na ndiyo sababu majina haya hayamo kwenye faili ya mfano ya mipangilio, postgresql.conf. Yamewekwa ili seva ijieleze: nilijengwa hivi, nilianzishwa hivi, sasa niko hivi.

Chukua max_identifier_length, yaani urefu wa mwisho wa jina, ambayo kwa kawaida ni 63. Hizo ni baiti, si herufi. Mhasibu akitaka jedwali liitwe kwa sentensi nzima ya Kifaransa yenye é nyingi, kila é inakula baiti mbili kwenye UTF-8 (mtindo wa kuhifadhi herufi), na mkia wa jina unakatwa. Seva inatoa taarifa, ila programu nyingi haziionyeshi kwa mtumiaji. Kisha watu wanatafuta jedwali "lililopotea".

Ukitaka kuiona jamii yote ya mipangilio hii kwa mara moja:

SELECT name, setting FROM pg_settings WHERE context = 'internal';

Dhana: Ukishaandika huge_pages, SHOW itakuambia kama zinatumika.

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi walipodanganyika, tena kwa sababu ya jina tu. huge_pages ni mpangilio wa kuiomba Linux kurasa kubwa za RAM badala ya zile ndogo za kawaida.

Kijana wa staji aliniuliza: "Yaya, niliweka kurasa kubwa, SHOW huge_pages inaniandikia try, mbona mashini ingali nzito?" Jibu ni kwamba huge_pages inaeleza ulichoomba. Haielezi ulichopata. Neno try lina maana kwamba seva itajaribu kuomba kurasa kubwa kwa Linux, na ikikosa itaendelea na zile za kawaida bila kulalamika. Kwa kiwango cha kawaida cha logi (daftari la matukio ya seva) hutaona hata mstari mmoja.

Na kukosa ni rahisi. Tuseme umeweka shared_buffers, sehemu ya RAM ambamo seva inaweka data inayotumika, kuwa GB 4, na kurasa kubwa kwenye mashini yako ni za MB 2. Unagawanya, unapata 2048, unaiandikia Linux vm.nr_hugepages = 2048 ili itenge kurasa hizo, na unajisifu. Lakini kumbukumbu ya pamoja ya seva ni kubwa kuliko shared_buffers peke yake, kwa hiyo 2048 hazitoshi. Seva huomba kipande kikuu chote kwa mara moja. Kisipopatikana kwa ukamilifu, hupati hata ukurasa mmoja mkubwa, huku zile 2048 ulizozitenga zimekaa bure na RAM imepungua. Kwa kurasa za kawaida za KB 4, GB 4 hizo zinahitaji, kwenye orodha ambayo Linux inafuatilia kurasa, viingilio zaidi ya milioni moja vya baiti 8 kila kimoja, yaani MB 8 kwa kila muunganisho unaogusa kumbukumbu hiyo yote. Miunganisho 100 ni MB 800 hivi. Hapo ndipo uzito unapotoka.

Ndiyo sababu vikaongezwa vigezo vya kusomwa tu. Toleo la 15 lilileta shared_memory_size_in_huge_pages, inayokupa hesabu kamili ya kurasa za kutenga. Uisome kwa amri ya postgres -C seva ikiwa imezimwa. Toleo la 17 likaleta huge_pages_status, inayojibu on au off kwa kilichotokea kweli. Mimi naliona jina hilo limechaguliwa vizuri. Kama wangeirudisha on au off ndani ya huge_pages yenyewe, tusingejua tena mwenye seva aliomba nini. Ombi lina jina lake, na hali ina jina lake.

Dhana: Jina likiwa na read_only, mpangilio huo haubadilishwi.

Kinyume kabisa. default_transaction_read_only, inayofanya kazi za mtumiaji ziwe za kusoma data tu, inaweza kuzimwa na mtumiaji yeyote kwa SET moja, hivyo usiitegemee kama kufuli. Kufuli ni GRANT na REVOKE, amri za kutoa na kuondoa ruhusa. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, nayo ina read_only, isiyowazuia walio na mamlaka ya juu, ndiyo maana ikaongezwa super_read_only.

Dhana: Ya kusomwa tu maana yake thamani haisogei.

in_hot_standby, iliyokuja na toleo la 14, inajibu on kwenye seva ya nakala. Seva hiyo ikipandishwa cheo kuwa kuu, inageuka off yenyewe. Wewe huwezi kuiandika, seva inaiandika.

Na usichanganye hizi na shared_buffers au max_connections (idadi ya juu ya miunganisho). Hizo zinabadilishwa vizuri, ila zinasubiri seva iwashwe upya. Safu ya pending_restart kwenye pg_settings itakuonyesha zinazongoja.

Dhana: data_checksums ikiwa on, umeme ukikatika data iko salama.

data_checksums inaweka namba ya uhakiki kwenye kila ukurasa wa data. Inagundua ukurasa ulioharibika, haiutengenezi. Bado unahitaji nakala rudufu, na betri inayokupa muda wa kuzima seva kwa utaratibu. Hata hivyo ni afadhali kujua mapema kuliko kupakua nakala mbovu wiki tatu mfululizo. Toleo la 18 huiwasha lenyewe unapoanzisha hifadhidata mpya. Kwa za zamani mara nyingi utaikuta off.

Kuanzia toleo la 12 unaweza kuiwasha kwa pg_checksums --enable, lakini si kwa SET na si seva ikiwa inafanya kazi: iwe imezimwa vizuri kwanza. Programu hiyo inapitia faili zote na kuandika upya kila ukurasa, kwa hiyo hifadhidata kubwa itakula saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, mpangilio unabaki kama ulivyokuwa, nawe unaanza kazi upya.