Filamu ya kutisha ya Weusi ni ipi hasa?

Tangu filamu ya Sinners ya mwongozaji Ryan Coogler itoke mwaka 2025, mazungumzo kuhusu filamu za kutisha za Weusi yamepamba moto, na kosa moja limekuja nayo ambalo sasa limezidi. Mtu anaombwa ataje filamu za aina hiyo, naye anataja muvi yoyote ya kutisha aliyowahi kumwona Mweusi ndani yake. A Quiet Place: Day One inatajwa, kwa sababu steringi wake ni Lupita Nyong'o. The Shining inatajwa, kwa sababu ya yule mpishi wa hoteli. Hata muvi ambayo Mweusi katokea dakika tano akauawa, nayo inaingizwa kwenye hesabu.

Maana yenyewe ni fupi. Filamu ya kutisha ya Weusi ni ile ambayo hofu yake imetoka katika maisha, historia na imani za watu Weusi, na inasimuliwa kwa macho yao. Jina hili limekulia Marekani, na wanaokusudiwa kwanza kabisa ni Wamarekani Weusi.

Aliyelichambua jambo hili vizuri ni mwanazuoni Robin R. Means Coleman, katika kitabu chake Horror Noire cha mwaka 2011, ambacho baadaye kilizaa dokumentari ya mwaka 2019. Aligawa mafungu mawili. La kwanza ni filamu za kutisha ambazo Weusi wamo ndani yake. La pili ni filamu za kutisha za Weusi wenyewe. Katika fungu la kwanza Mweusi anaweza kuwa mtumishi, mchawi, askari wa pembeni, hata shujaa, lakini hadithi haijajengwa juu ya maisha ya watu wake. Katika fungu la pili, ukiwatoa Weusi ukaweka watu wengine, hadithi inaporomoka, kwa sababu kile kinachotisha kinakuwa hakipo tena.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwigizaji mmoja aliyecheza katika mafungu yote mawili, Duane Jones. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, na Jones akawa Ben, mwanamume aliyejifungia na watu wengine katika nyumba ya shambani huko Pennsylvania wakati wafu wamefufuka na kula watu. Nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya Mweusi. Romero alieleza kwamba Jones aliipata kwa kuwa aliwazidi wenzake kwenye majaribio. Ben ndiye mwenye akili iliyotulia kuliko wote mle ndani, na anapona usiku kucha. Asubuhi linakuja kundi la Wazungu wenye bunduki, kazi yao kuwamaliza wafu. Wanamwona dirishani na kumpiga risasi. Filamu inaishia kwa picha za mnato za watu wale wakiwa na kulabu zao, na maiti ya Ben inatupwa kwenye rundo la kuchomwa. Kwa sisi tuliolelewa na mabanda ya video, tuliofundishwa kwamba steringi hafi, mwisho ule ni mgumu kuumeza. Kwa Mmarekani Mweusi ulikuwa mgumu zaidi. Picha zile zilifanana mno na picha za kweli za Weusi waliouawa na makundi ya Wazungu katika majimbo ya Kusini, na Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi Aprili mwaka uleule.

Na bado, kwa kipimo cha Coleman, filamu ile imo katika fungu la kwanza. Hakuna mtu ndani yake anayetamka neno juu ya rangi ya Ben. Uzito wote ule uliletwa na watazamaji, kutoka katika yale waliyokuwa wakiyajua.

Miaka mitano baadaye Jones yuleyule akacheza Ganja & Hess ya Bill Gunn. Safari hii ni Daktari Hess Green, mtaalamu wa anthropolojia, tajiri mwenye jumba na dereva, ambaye anachomwa na kisu cha kale cha Kiafrika na tangu hapo anaishi kwa damu ya watu. Watayarishaji walimtuma Gunn awaletee mnyonya damu Mweusi wa kuuza tiketi. Yeye akawatengenezea filamu kuhusu uraibu, mali, kanisa la Weusi, na mtu anayevutwa huku na Yesu na kule na Afrika ya kale asiyoifahamu ila kwa vitabu. Mchungaji wa kanisa ndiye dereva wake. Ukimweka Mzungu katika nafasi ya Hess hubaki na kitu. Filamu ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1973 katika Wiki ya Wahakiki, kisha huko nyumbani watayarishaji wakaikatakata na kuiuza kwa jina jingine. Nakala kamili iliyohifadhiwa MoMA, jumba la sanaa za kisasa la New York, ndiyo iliyoiokoa isipotee. Niliposikia kwamba mkataba wa Coogler unamrudishia haki za Sinners baada ya miaka 25, nilimkumbuka Gunn papo hapo. Yeye alinyang'anywa filamu yake akiwa bado hai na akiilia.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mambo haya yalianza na Get Out ya Jordan Peele mwaka 2017. Turudi nyuma hadi mwaka 1930. Mwaka huo ilitoka Marekani filamu iitwayo Ingagi, iliyojidai kuwa ni kumbukumbu ya safari ya kweli katika Congo ya Wabelgiji. Wasomaji wa Rwanda na Burundi wanalijua neno hilo: ni gorila. Filamu ilidai kuwaonesha wanawake wa Kiafrika wakitolewa kwa gorila awe mume wao. Ulikuwa uzushi. Gorila alikuwa mtu aliyevaa ngozi, na matukio hayo yalitengenezwa huko Los Angeles. Pesa iliingia nyingi hata hivyo. Mwaka 1940 mwandishi na mwigizaji Mweusi, Spencer Williams, akalichukua jina lile na kuandika Son of Ingagi. Mwongozaji alikuwa Mzungu, lakini waigizaji wote ni Weusi, na ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za Weusi enzi za ubaguzi. Ni filamu ya bei rahisi, na jitu lake halitishi mtu leo. Ila tazama walioko ndani: maharusi wapya, mpelelezi wa polisi, mwanamke daktari mwenye maabara yake nyumbani. Wana harusi, wana nyumba, wana urithi. Katika filamu za Hollywood za miaka ileile, kazi ya Mweusi ilikuwa kutoa macho na kutetemeka ili Mzungu acheke.

Blacula ya mwaka 1972 nayo wengi huidharau kwa jina lake tu, na hilo ni jambo linaloniumiza. Mwigizaji wake mkuu, William Marshall, alikuwa mtu wa jukwaani, mwenye sauti ya Shakespeare, na alikataa kucheza kikaragosi. Alisisitiza kwamba mhusika wake awe mwana wa mfalme kutoka Afrika, Mamuwalde, aliyekwenda Ulaya kutafuta msaada wa kukomesha biashara ya utumwa. Dracula, yule mnyonya damu wa Ulaya, anamdhihaki, anamng'ata, anamfungia ndani ya jeneza, na kabla ya hapo anampachika jina lililonyofolewa kutoka kwenye jina lake mwenyewe. Mtu anatekwa, anavuliwa jina, anapewa la bwana wake, anapelekwa Marekani ndani ya sanduku. Mwongozaji William Crain, naye Mweusi, alijua watazamaji wake wangeelewa.

Sasa, kuna usemi kwamba katika filamu za kutisha Mweusi hufa kwanza. Umekuwa mzaha, lakini hauelezi kilichowauma mashabiki. Yule mpishi wa The Shining, Hallorann, kweli hufa kwanza, lakini tazama anavyokufa. Anasafiri kutoka mbali, anapambana na theluji ili akamwokoe mtoto wa Kizungu, anaingia mlangoni, anapigwa shoka. Katika riwaya ya Stephen King alipona. Kinachouma ni kuwepo kwa ajili ya wengine tu: uhai wa Mweusi unatumika kuonesha hatari ni kubwa kiasi gani, na mauti yake hayaliliwi na yeyote.

Hapo ndipo unapoelewa mwisho wa Get Out ulivyofanya kazi. Chris, kijana Mweusi anayechezwa na Daniel Kaluuya, ametoka mzima katika nyumba ya wakwe watarajiwa waliotaka kuuteka mwili wake. Yuko barabarani usiku, mikono ina damu, na mchumba wake wa Kizungu amelala chini na jeraha la risasi. Ghafla zinatokea taa za gari la dola. Katika filamu nyingine yoyote ya kutisha hapo ndipo unapovuta pumzi, maana polisi wamefika. Katika hii, ukumbi mzima unaishiwa nguvu. Kumbe aliyemo garini ni rafiki yake Chris, mlinzi wa usalama wa uwanja wa ndege, lakini zile sekunde chache kabla mlango haujafunguka ndizo filamu nzima. Peele alikuwa amerekodi pia mwisho mwingine ambao Chris anaishia jela, kisha akauacha. Sinners ina jambo la ukoo mmoja na hilo. Mississippi, mwaka 1932, Weusi wanapambana na wanyonya damu usiku kucha, jua linachomoza na kuwaangamiza wale viumbe, na asubuhi hiyohiyo wanafika Wazungu wa Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, wenye bunduki. Jua haliwaondoi hao.

Ndiyo maana mashabiki hawakuvumilia Get Out ilipowekwa na tuzo za Golden Globe katika kundi la vichekesho na muziki. Peele alijibu kwamba filamu yake ni dokumentari. Kwa shabiki Mweusi wa Marekani, filamu hizi zinasema hadharani kwamba ile hofu anayotembea nayo dukani, barabarani na ukweni hakuizua kichwani mwake. Anakaa gizani na watu mia mbili wanaoshtuka palepale anaposhtuka yeye.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuisikia Get Out kwa namna ya pekee. Wimbo unaoifungua, Sikiliza Kwa Wahenga wa Michael Abels, umeimbwa kwa Kiswahili, na ni sauti ya waliotangulia wakimwonya Chris. Wamarekani wengi walisikia minong'ono tu. Wengi wa mababu wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, wala si pwani yetu, lakini tangu miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa kwao lugha ya kuikumbuka Afrika yote. Nguzo za Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966, zina majina ya Kiswahili: umoja, ujima, imani. Lugha wameiazima kwetu. Hofu ni yao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoziita filamu za kutisha za Weusi zote zilizotengenezwa na Waafrika. Nsyuka ya Mussa Banzi, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni filamu ya kutisha ya Kitanzania, tena imebeba hofu zetu hasa. Living in Bondage ya Nigeria, mwaka 1992, ni habari ya mume anayemtoa mkewe kafara apate utajiri, na anayekutisha mle ni ndugu, jirani na rafiki mwenye gari jipya. Katika nchi ambayo karibu kila mtu ni Mweusi, weusi wa mtu hausukumi hadithi. Zipo zinazosimama katikati, na ninazipenda kwa hilo. His House ya Remi Weekes, mwaka 2020, inawafuata mume na mke wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliopewa nyumba mbovu Uingereza na kukatazwa kuhama. Mzimu umevuka nao bahari, na nje ya mlango vijana Weusi wa mtaani wanamwambia yule mama arudi Afrika. Hofu mbili, ya kule na ya huku, ziko chini ya paa moja.

Mipaka mingine bado inagombewa. Candyman ya mwaka 1992 iliandikwa na kuongozwa na Mwingereza wa Kizungu, Bernard Rose, kutoka hadithi ya Clive Barker iliyokuwa ya Liverpool. Mhusika mkuu ni mtafiti wa Kizungu, na wanaoishi kwa hofu ya Candyman, mzimu wa hadithi hiyo, ni Weusi wa nyumba za Cabrini-Green, Chicago. Lakini Tony Todd alimpa yule mzimu heshima na huzuni kiasi kwamba mashabiki Weusi walimfanya wao, na mwaka 2021 Nia DaCosta, mwongozaji Mweusi, akairudisha hadithi Chicago kwa macho ya msanii Mweusi. Peele mwenyewe alisema Us, ambayo Lupita anacheza nafasi mbili, haihusu ubaguzi wa rangi ingawa familia yake ni ya Weusi. Watu wataendelea kubishana juu ya hizo, na ni ubishi wenye faida.

A Quiet Place: Day One haimo katika ubishi huo. Ni filamu nzuri, na bila Lupita isingesimama, kwa hiyo itaje kwa raha zote kama muvi ya kutisha ambayo Lupita ndiye steringi. Nsyuka iite ya Kitanzania. Na akija anayeuliza filamu ya kutisha ya Weusi aanze na ipi, mpe Ganja & Hess, ila uhakikishe ni nakala kamili ya Gunn.