Makisio ni nini: ndege ya abiria ikitunguliwa juu ya eneo la vita

Makisio ni maelezo ya chanzo cha jambo yanayotolewa kabla ushahidi haujatosha. Mwenye kukisia si lazima awe mwongo. Mwongo anaujua ukweli akaugeuza. Huyu haujui, ila ana vipande viwili vitatu mkononi na nafsi haimpi kungoja. Hata mpelelezi huanza kwa kukisia. Tofauti iko katika kinachofuata: mpelelezi hulipeleka kisio lake kwenye kipimo kinachoweza kuliua, na likifa anaachana nalo. Kisio la barazani (na la ikulu pia) mara nyingi hulindwa lisifikiwe na kipimo chochote.

Hakuna mahali makisio yanapostawi kama pale ndege ya abiria inapoanguka juu ya nchi yenye vita. Mabaki yametapakaa kwenye mashamba yanayoshikiliwa na watu wenye bunduki. Mashahidi wanaogopa au wana upande. Serikali zinazohusika zina majeshi ya kuyalinda na majina ya kuyasafisha, na redio inataka kitu cha kusema kwenye taarifa ya saa moja jioni.

Mombasa inalijua jambo hili kwa karibu kuliko miji mingi. Asubuhi ya 28 Novemba 2002, watu waliojificha karibu na uwanja wa ndege wa Moi walirusha makombora mawili ya begani (yanayorushwa na mtu mmoja kutoka begani) aina ya Strela-2 kuilenga Boeing 757 ya Arkia, shirika la Israeli, iliyokuwa ndiyo kwanza inapaa kwenda Tel Aviv ikiwa na watu zaidi ya 260. Yote mawili yalikosa. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Tangu hapo mtu wa Changamwe hahitaji kuelezwa kombora la begani ni kitu gani.

Sasa mkalishe kijana barazani mtaa wa Kuze, jioni moja ya Julai 2014, ndege ya Malaysia imeanguka mashariki mwa Ukraine na kila simu inaizungumzia.

"Babu, hilo ni kombora la begani tu, kama lile la Waisraeli."

Mzee anamaliza kahawa yake kwanza. "Ilikuwa juu kiasi gani hiyo ndege, mjukuu wangu?"

Swali hilo lina kazi kubwa kuliko mjadala wa usiku kucha. Kombora la begani hufuata joto la injini na halina nguvu ya kupanda mbali. Strela-2 haifiki hata kilomita 3 kwenda juu. Ile ya Arkia ilikuwa hatarini kwa sababu ilikuwa inapaa, bado iko chini. Ndege ya Malaysia ilikuwa katika safari yake ya kawaida kwenye futi 33,000, yaani kilomita 10 hivi. Kisio la kijana lilikuwa la busara, lilitokana na jambo ambalo mji wake uliliona, na limekufa kwa hesabu moja bila siasa yoyote kuingia.

Ndege yenyewe ilikuwa MH17, Boeing 777 iliyotoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur tarehe 17 Julai 2014. Ilikuwa na watu 298, wakiwemo Waholanzi 196. Ilivunjika angani, mabaki yakaangukia karibu na kijiji cha Hrabove katika mkoa wa Donetsk, sehemu iliyokuwa mikononi mwa waasi wanaoungwa mkono na Urusi. Hakunusurika mtu.

Tuyaangalie basi makisio yaliyoota pale, maana hayakuwa ya aina moja.

Liko lililotokana na kusikia vibaya. Ilitangazwa kwamba watafiti wapatao 100 wa ukimwi walikuwa ndani wakienda kwenye mkutano wa kimataifa Melbourne. Kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufika kwenye "wameuawa kwa sababu walikuwa na dawa". Waliokuwa wakienda kwenye mkutano ule walikuwa 6, mmoja wao Joep Lange, mtafiti Mholanzi mwenye jina kubwa katika tiba ya ugonjwa huo. Msiba wa kweli, idadi ya uongo. Huku kwetu, ambako ukimwi umeingia karibu kila ukoo, habari ile iliuma zaidi, na habari inayouma haiulizwi maswali mengi.

Liko lililotokana na sadfa. Miezi minne kabla, tarehe 8 Machi, MH370 ya shirika lile lile, Boeing 777 vilevile, ilipotea. Wakatokea watu wakasema ni ndege moja, imefichwa kisha ikaangushwa na maiti za zamani. Igor Girkin, kamanda wa waasi, alinukuliwa akidai kwamba baadhi ya miili ilionekana ya watu waliokufa siku nyingi. Kisio la namna hii linahitaji watu 298 wenye jamaa, tiketi na mizigo wawe hawakuwahi kupanda. Ukilifuata mpaka mwisho linajila lenyewe.

Kisha liko lenye mwenyewe, na hili ndilo la kuangaliwa kwa makini. Tarehe 21 Julai 2014 wizara ya ulinzi ya Urusi ilisema rada zake ziliona ndege ya kivita ya Ukraine aina ya Su-25 ikipanda kuelekea MH17. Su-25 imeundwa kushambulia vifaru na askari walio chini. Kiwango chake cha kawaida kwenda juu ni kilomita 7. Mwaka 2015 kampuni ya Urusi inayounda Buk (mitambo ya kutungulia ndege kutoka ardhini, ambayo makombora yake hufika juu kuliko yale ya begani), Almaz-Antey, ikasema kweli lilikuwa kombora la Buk, ila lilitoka upande wa Ukraine. Mwaka 2018 wizara ile ile ikasema kombora lenyewe liliundwa 1986 na kupelekwa kwa kikosi kilichokuwa Ukraine. Tazama mwendo huo: silaha inabadilika kila kipimo kinapokaribia, mtuhumiwa habadiliki. Kisio la kweli hutoka kwenye dalili likaenda kumtafuta mhusika. Hili lilianza na mhusika, dalili zikawa zinatafutwa nyuma yake.

Ukraine nayo haikubaki nyuma. Mkuu wa shirika lake la ujasusi alidai Agosti 2014 kwamba waasi walikusudia kuitungua ndege ya abiria ya Urusi ili Moscow ipate sababu ya kuvamia, wakakosea wakaipiga ya Malaysia. Mahakama ya Uholanzi iliyokuja kuisikiliza kesi ya MH17 haikujenga hukumu yake juu ya hadithi hiyo.

Wengi waliuliza pia ndege ilipelekwa na nani juu ya vita. Swali ni halali kabisa. Jibu halina njama, lina uzembe. Ukraine ilikuwa imefunga anga yake ya mashariki chini ya futi 32,000, na MH17 ilipita futi 1,000 juu ya mpaka huo. Siku tatu kabla, ndege ya kijeshi aina ya An-26 ilikuwa imetunguliwa, na Ukraine yenyewe ilisema ilikuwa kwenye mita 6,500, kimo ambacho kombora la begani haliwezi. Dalili ilikuwepo mezani. Hata hivyo ndege za abiria 160 zilipita juu ya eneo lile siku ile kabla anga haijafungwa kabisa. MH17 haikupotoshwa njia. Ilikuwa kwenye msafara.

Wachunguzi wenyewe walisemaje wakati huu wote? Kidogo sana, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kwa kanuni za shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, uchunguzi wa ajali ni wa nchi ambako ndege imeanguka. Ukraine iliukabidhi kwa Uholanzi. Visanduku vyeusi vilitoka mikononi mwa waasi siku kadhaa baada ya tukio, vikasomwa Farnborough, Uingereza. Ripoti ya awali ya bodi ya usalama ya Uholanzi, ya 9 Septemba 2014, ilisema ndege ilipigwa na vitu vingi vyenye kasi kubwa vilivyotoka nje. Neno kombora halimo. Dunia nzima ilikuwa inalisema tangu Julai, na bodi ikakaa kimya kwa sababu matundu kwenye bati yalikuwa hayajathibitisha zaidi ya hapo.

Ripoti ya mwisho ilitoka 13 Oktoba 2015. Maikrofoni za chumba cha marubani zilikuwa zimenasa mshindo mfupi mno, na kwa kulinganisha ulivyoifikia kila maikrofoni walipata ulikotoka: nje, juu, upande wa kushoto wa pua ya ndege. Kwenye mabaki na kwenye mwili wa mmoja wa wafanyakazi waliokuwa chumba cha marubani vikapatikana vipande vya chuma vyenye umbo la kipepeo. Kichwa cha kombora aina ya 9N314M, kinachobebwa na Buk, ndicho chenye vipande hivyo. Su-25 ikafa hapo, na haikuuawa na mwanasiasa.

Bodi haikutaja mkosaji, si kazi yake. Hilo liliachiwa timu ya upelelezi ya Uholanzi, Australia, Ubelgiji, Malaysia na Ukraine, iliyosema 2016 kwamba kombora lilirushwa kutoka shamba karibu na Pervomaiskyi, kijiji kilichokuwa mikononi mwa waasi, na 2018 kwamba mtambo ulikuwa wa brigedi ya 53 ya Urusi kutoka Kursk. Urusi inakanusha hadi leo.

Usidhani makisio hudumu miaka kila mara. Ndege ya Ukraine ilipoanguka Tehran tarehe 8 Januari 2020 na kuua watu 176, Iran ilisema ni hitilafu ya mitambo. Siku tatu baadaye ikakiri kwamba makombora yake ndiyo yaliyoitungua. Na karibu na sisi zaidi, tarehe 4 Mei 2020, ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na korona iliangushwa Berdale, Somalia, ikaua watu 6. Yalisemwa mengi siku za kwanza, kisha jeshi la Ethiopia likaandika kwamba askari wake ndio walioipiga, wakidhani inakuja kujilipua.

Kati ya kisio na hukumu kuna ngazi, na kesi ya MH17 inazionyesha vizuri. Tarehe 17 Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi iliwahukumu Girkin na wenzake wawili, Sergey Dubinskiy na Leonid Kharchenko, kifungo cha maisha bila wao kuwepo, kwa kuiangusha ndege na kuua waliokuwemo. Wa nne, Oleg Pulatov, aliachiliwa kwa mashtaka yale yale, kwa kuwa ushahidi juu yake haukutosha. Februari 2023 wapelelezi walisema ziko dalili nzito kwamba Rais Putin mwenyewe aliidhinisha waasi wapewe mtambo ule, lakini dalili nzito si ushahidi wa kumshtaki mtu, wakasimamisha upelelezi. Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Urusi kama dola inawajibika.

Mahakama ya Uholanzi ilikubali kwamba huenda waliorusha walidhani ni ndege ya kijeshi, ikasema hilo haliwaondolei hatia waliouleta mtambo. Ama wale waliokaa ndani ya Buk lile mchana ule, aliyetoa amri na aliyebonyeza, upelelezi ulisimama bila kuwafikisha mbele ya hakimu. Juu yao, barazani wana ruhusa ya kuendelea kukisia.